Ukavu wa uke baada ya kukoma hedhi unatibika

Mhariri,

Wanawake wengi waliokoma hedhi huungua wakikojoa na kuumia katika tendo la ndoa, kisha hupewa antibayotiki tena na tena, hata vipimo vya mkojo visipoonyesha bakteria. Inaniuma sana. Mara nyingi chanzo ni upungufu wa estrojeni, homoni ya kike: ngozi laini ya uke na njia ya mkojo hukonda na kukauka. Krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, kwa kawaida kila usiku kwa wiki 2, kisha mara 2 kwa wiki, huirudishia unyevu taratibu na kupunguza maambukizi ya njia ya mkojo (UTI) ya kujirudia. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo mno, ingawa aliyewahi kuugua saratani ya matiti azungumze kwanza na daktari wake. Wahudumu wa kliniki, waulizeni mama zetu kuhusu tatizo hili. Wengi huona haya kulitaja.

Msomaji wenu,
Morogoro