Jani la Kila Marehemu

Lyon, 3 Oktoba

Dada mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Umeniandikia kwamba wajane wa jumuiya yenu wanafika, wanasali, kisha wanaondoka kimya kimya. Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, bado haujafika. Choreni pamoja, kwenye kitambaa, msalaba ulio mti, kila jani na jina la marehemu mmoja.

Nunua Kariakoo mita 2 za marekani, kile kitambaa cha pamba. Ifue kwa maji ya moto na sabuni, kwa sababu ina wanga wa kiwandani na rangi iliyoshika wanga hubanduka. Iwambe kwenye fremu ya mbao, ukigonga misumari kuanzia katikati ya kila upande kuelekea pembeni. Ukianzia pembeni itakunjamana na hutaweza kuinyoosha tena. Kisha ipigwe rangi ya maji nyeupe, mara mbili, maana rangi ya mafuta ikigusa uzi mtupu huuozesha polepole. Ndipo mtumie rangi ya mafuta ya makopo, kama mafundi wa michoro ya Tingatinga pale Morogoro Stores, Dar. Edward Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa michoro hiyo, alichora kwa rangi ya baiskeli. Rangi ya maji isirudi juu ya ile ya mafuta, haitashika.

Mti auchore mmoja mwenye mkono mzuri, kwa mkaa. Majani wayachore wote, hata asiyewahi kushika brashi. Watu wakikaa bega kwa bega, macho yakiwa kwenye kitambaa, hutoka maneno ambayo hayatoki wakitazamana. Sisi msibani tunasema pole, lakini baada ya arobaini hakuna anayethubutu kumtaja marehemu, tukidhani tunamhurumia mjane. Kumbe tunamwachia upweke. Muulizeni mjane mzee wake alipenda rangi gani. Jani si lazima liwe la kijani.

Majina yasiandikwe siku hiyo. Vuli ikianza, unyevu wa Dar huchelewesha rangi ya mafuta kukauka. Subirini wiki nzima, la sivyo herufi zitasambaa.

Siku ya majina ndiyo ya ibada. Toeni nje makopo na tina, ile ya kuyeyushia rangi, kabla ya kuwasha mishumaa, mvuke wake hushika moto upesi. Fuateni namna ya Taizé, kijiji cha huku Ufaransa alikofika mwaka 1940 Bruda Roger, mwanzilishi wa jumuiya ya sala ya hapo: wimbo wa mistari miwili tu, urudiwe hadi hakuna anayehitaji kitabu. Uanzishwe chini. Walimu wa kwaya hupenda kupandisha sauti, na akina mama wazee ndio wanaonyamaza kwanza. Kinanda kipumzike. Isomwe Zaburi ya 130, kisha kimya cha dakika 5. Kitangazeni mapema, maana yupo atakayedhani mmesahau zamu na kuanzisha pambio.

Baada ya kimya, kila mmoja asogee, aandike jina la marehemu wake, alitamke kwa sauti, na wote muitikie kwa sala ya Raha ya milele. Asiyejua kuandika ashikwe mkono, asiandikiwe. Msiharakishe, atakayelia aachwe alie, wimbo uendelee polepole.

Mwombe paroko kitambaa kitundikwe kanisani tarehe 2 Novemba.

Mama aanze na jina la Baba. Kwa herufi, brashi nyembamba, namba 2, inatosha.

Mdogo wako