Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Maandalizi ya Safari ya Salvador, Brazili

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida za chama mwaka huu zimekwenda vizuri na hesabu mtasomewa na mhazini, kwa hiyo sitazirudia. Kazi kubwa ya kamati ilikuwa maandalizi ya safari ya Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia, na taarifa hii karibu yote ni ya safari hiyo.

Nianze na pendekezo, maana ndilo litakalopigiwa kura leo: twende Januari 2027, tusiende wakati wa Kanivali, sherehe za mitaani za kabla ya Kwaresima. Najua wengi mlijiunga na mfuko wa safari kwa ajili ya Kanivali yenyewe. Ya mwaka 2027 itaanza Alhamisi tarehe 4 Februari na kuishia usiku wa Jumanne tarehe 9. Kipindi hicho nyumba za wageni nyingi haziuzi chumba kwa usiku mmoja. Zinauza siku zote kwa mkupuo, kwa bei iliyopanda mara kadhaa. Juu ya hapo kuna gharama ya kamba. Kila kundi la muziki hutembea na lori lake la spika, trio elétrico, kitu kilichozaliwa mjini humo mwaka 1950 kwa mikono ya wanamuziki Dodô na Osmar, na anayetaka kucheza ndani ya kamba inayolizunguka lori hununua abadá, fulana ya kundi hilo kwa siku hiyo tu. Siku tatu, fulana tatu. Asiyenunua hucheza bure nje ya kamba, sehemu waiitayo pipoca. Huko ndiko simu zinakopotelea, na watu waliosafiri pamoja hawatamaliza robo saa wakiwa bado pamoja.

Januari muziki ni uleule. Makundi yanafanya mazoezi ya wazi, ensaios kwenye matangazo: Olodum (lililoanzishwa 1979) huko Pelourinho, kitovu cha mji mkongwe, na Ilê Aiyê (1974) kwenye makao yake mtaa wa Curuzu, Liberdade. Mtu unasimama hatua chache tu kutoka kwenye ngoma na unaona mkono wa mpigaji. Tahadhari moja: Januari ni likizo ya kiangazi Brazili, kwa hiyo vyumba navyo huisha. Tukichelewa kulipa hadi Oktoba, tutapata mabaki.

Siku kuu ya ratiba yetu ni Alhamisi tarehe 14 Januari 2027, siku ya Lavagem do Bonfim, yaani kuoshwa kwa kanisa la Bonfim. Hufanyika Alhamisi inayotangulia Jumapili ya pili baada ya Epifania (6 Januari), kwa hiyo tarehe hubadilika kila mwaka. Msinakili ya kwenye picha za zamani. Maandamano huondoka asubuhi kanisa la Conceição da Praia, mji wa chini, na kutembea takriban kilomita 8 hadi kanisa la Bonfim. Akina mama waliovaa sketi pana nyeupe huosha ngazi za kanisa kwa maji ya manukato. Vaeni nyeupe, bebeni maji, kofia muhimu, na viatu viwe vilivyokwisha kuzoea mguu. Linalowashinda wageni wengi ni kurudi: barabara hufungwa, teksi haiingii, na kuoshwa kwa ngazi kukiisha sherehe hugeuka kilabu cha pombe cha barabarani. Kamati inapendekeza tuanze kurudi mapema mchana, kwa miguu mpaka nje ya eneo lililofungwa, kwa vikundi vya watu sita.

Sasa njia. Kutoka Dar es Salaam iliyo nyepesi ni kupitia Addis Ababa hadi uwanja wa Guarulhos, São Paulo, kisha ndege ya ndani ya saa mbili na kitu hadi Salvador. Hapo Guarulhos ndipo watu hukwama. Hata kama begi limeandikiwa Salvador, unalichukua mwenyewe, unapita nalo forodhani, kisha unalikabidhi upya kwa ndege ya ndani. Ndiyo maana tunataka tiketi moja ya safari nzima na nafasi isiyopungua saa nne kati ya ndege na ndege. Ukinunua tiketi mbili tofauti kuokoa dola chache, ya kwanza ikichelewa ya pili imekufa, na hakuna wa kumdai.

Mtanzania anahitaji viza, na ubalozi wa Brazili upo hapa Dar. Fomu hujazwa mtandaoni; ukimaliza inatoa risiti yenye namba, unaichapisha, unaitia sahihi na kubandika picha, kisha unaipeleka pamoja na pasipoti, taarifa ya benki, uthibitisho wa malazi na wa safari. Jina lifuate pasipoti herufi kwa herufi. Chanjo ya homa ya manjano ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuondoka. Watu huuliza kama Brazili wanaidai. Swali lenye maana ni la kurudi, kwa sababu Brazili ina maambukizi na nyumbani wanataka kadi kwa atokaye nchi ya namna hiyo. Mwenye kadi ya zamani asichanjwe tena, inatambulika kwa maisha yote tangu 2016.

Kuhusu fedha, tumekubaliana na mhazini kukadiria reais 200 (fedha ya Brazili) kwa mtu kwa siku bila malazi. Msipeleke shilingi, hakuna atakayezibadili. Pelekeni dola safi zisizochanika. Wabrazili wenyewe hulipana kwa Pix, mfumo wa benki kuu yao ulioanza Novemba 2020, lakini umefungwa kwenye akaunti za benki za huko, hivyo sisi tutabaki na kadi na noti ndogo. Kuna kitu kingine kinachoitwa CPF, namba ya mlipakodi yenye tarakimu 11. Tovuti za tiketi za ndani huiuliza, na kadi nyingi za kigeni hukataliwa malipo hapo wala si kwa kukosa salio. Mgeni anaruhusiwa kuiomba. Katibu ataanza na wanachama wanne watakaonunua kwa niaba ya wote.

Umeme wa Salvador kwa sehemu kubwa ni volti 127, na soketi ni ya matundu matatu ya mviringo. Chaja za simu hazina shida. Pasi na mashine za nywele za kwetu ziacheni. Zitapata uvuguvugu tu.

Malazi tumegawanya. Wenye magoti mazima watakaa Santo Antônio Além do Carmo, mtaa tulivu wa nyumba za kale, ambako unaweza kutembea kwa miguu hadi Pelourinho. Ngazi ni nyingi na mawe ya barabara huvunja magurudumu ya mabegi. Wazee watakaa Barra, karibu na bahari na mnara wa taa. Kutoka mji wa juu kwenda wa chini na kurudi tumieni Elevador Lacerda, lifti ya umma ya tangu 1873, mita 72, inayotua mbele ya Mercado Modelo. Kushuka kwa miguu kwa Ladeira da Montanha, ingawa ramani inaonyesha ni karibu, hapana, hata mchana.

Kanisa la São Francisco, lenye nakshi za dhahabu, msilitengee siku. Sehemu ya dari yake ilianguka tarehe 5 Februari 2025, ikamuua mtalii, nalo likafungwa. Tukilikuta wazi ni nyongeza. Badala yake tumeweka Museu Afro-Brasileiro, kwenye jengo la kale la kitivo cha udaktari, lenye mbao 27 za mierezi alizochonga msanii Carybé. Waislamu miongoni mwetu waliomba tufike Ladeira da Praça, mahali yalipoanzia maasi ya Malê, yaani Waafrika Waislamu wa Bahia enzi za utumwa, usiku wa 24 kuamkia 25 Januari 1835, katika Ramadhani: Waafrika takriban 600, wengi Wayoruba na Wahausa, wakapigana hadi Água de Meninos. Ombi limekubaliwa.

Nyumba za candomblé, dini ya Kibrazili yenye asili ya Afrika, ni mahali pa ibada, si ukumbi wa ngoma. Atakayekwenda avae rangi nyeupe au nyepesi, nyeusi isionekane, asipige picha, akae upande atakaoonyeshwa, maana mara nyingi wanaume na wanawake hutenganishwa. Asiyetaka kwenda kwa sababu ya imani yake hatalazimishwa wala kuulizwa.

Chakula hakitatusumbua sana. Acarajé ni bajia ya kunde, ila kubwa kama ngumi: kunde zilizomenywa, kitunguu na chumvi, ikikaangwa kwa mawese mpaka nje iwe nyekundu na kavu, kisha hupasuliwa na kujazwa vatapá (rojo zito), kachumbari na kamba wakavu. Muuzaji akiuliza kama unataka "quente", anauliza kuhusu pilipili. Vatapá ina karanga, korosho na kamba, hivyo wenye mzio waache. Tumbo lisilozoea mawese lianze na moja. Maharage ya feijoada yana nyama ya nguruwe. Moqueca, samaki wa tui na mawese, haina nguruwe.

La simu ni jepesi. Salvador iko nyuma yetu kwa saa sita, kwa hiyo saa ya ukutani huko ikisoma 8:00 asubuhi, nyumbani ni saa nane mchana. Isomeni kama ilivyo.

Ratiba ya malipo: amana ya malazi mwisho 30 Juni 2026, nauli yote 31 Agosti, maombi ya viza kuanzia Septemba. Pasipoti itakayokwisha kabla ya Agosti 2027 iombewe mpya sasa. Atakayekosa tarehe ya Juni nafasi yake itakwenda kwa aliye kwenye orodha ya kusubiri, na amana yake ya awali atarudishiwa. Karatasi za kura mtapewa na katibu mlangoni: Januari au Kanivali, chaguo moja tu.

Mwenyekiti