Vya kusikiliza mikono ikiwa kazini

Shoga yangu Mama Salma,

Salamu nyingi kutoka huku Chicago. Sisi hatujambo, ila baridi imetushika kwelikweli. Nimefurahi mno kusikia Baba Salma amepona mguu. Sasa nikujibu lile uliloniuliza kwenye simu, maana siku ile nilikujibu kwa haraka na jambo lenyewe halitaki haraka: usikilize nini saa zote zile unapokaa sokoni Kongowea ukichambua nguo za mitumba, ikiwa nyimbo na matangazo ya biashara yamekuchosha?

Anza na Planet Money. Ni kipindi cha uchumi unachokisikiliza kwenye simu, cha NPR, redio ya umma ya huku Marekani, kilichoanza mwaka 2008 wakati mabenki yakiyumba na watu hawaelewi kinachoendelea. Lakini sikutumi kwenye habari za mabenki. Tafuta mfululizo wao wa mwaka 2013 kuhusu fulana. Watangazaji walitengenezesha fulana yao wenyewe, wakaifuata kila ilikopita: pamba kutoka mashamba ya Mississippi, uzi kusokotwa Indonesia, fulana za kiume kushonwa Bangladesh na za kike Colombia, kisha makontena na meli. Wanazungumza na wafanyakazi wa viwandani, unasikia maisha yao na kipato chao, si takwimu tupu.

Halafu wakauliza swali lililonifanya nikukumbuke wewe: Mmarekani akiichoka fulana yake, inakwenda wapi? Basi mtangazaji akaonekana Gikomba, Nairobi, katikati ya marobota! Humo sokoni wakaipata fulana ya sherehe ya binti mmoja wa Kiyahudi, ina jina lake na tarehe ya mwaka 1993, na baadaye wakampata mwenyewe akiwa mtu mzima. Wewe umezishika nguo za namna hiyo miaka nenda miaka rudi, zenye majina ya shule na timu tusizozijua. Umeuona mwisho wa safari yao kuliko hao watangazaji wote, na nina hamu ya kujua utasema nini ukiusikia mwanzo wake. Kipindi kimoja hakifiki hata nusu saa mara nyingi, kwa hiyo kinaingia vizuri kati ya mteja na mteja.

Siku ya kupiga pasi, au ile kazi ndefu ya kufua mapazia kabla ya Idi, weka This American Life. Kilianzia hapahapa Chicago mwaka 1995, katika kituo cha WBEZ, na Ira Glass aliyekianzisha bado anakitangaza. Kinachukua karibu saa nzima. Wanachagua mada moja, kisha wanaleta hadithi mbili tatu za watu wa kweli zinazoizunguka, na hawaharakishi mtu kumaliza kusema. Mwaka 2020 walipata tuzo ya Pulitzer, ya kwanza kabisa kutolewa kwa uandishi wa habari wa sauti, kwa kipindi kuhusu waomba hifadhi waliolazimishwa kungoja upande wa Mexico. Nilikisikiliza usiku nikisafisha ofisi, nikashindwa kuendelea, nikakaa kwenye ngazi mpaka kikaisha. Hicho usikisikilize mbele ya wateja.

Kwenye matatu ya kutoka Bamburi, au ukikuna nazi, Witness History ya BBC inatosha. Ni kama dakika tisa au kumi: tukio moja la historia, linasimuliwa na mtu aliyekuwepo. Mkunaji nazi hodari kama wewe atamaliza kipindi pamoja na kifuu cha mwisho.

Radiolab, ya kituo cha WNYC cha New York, ngoja uwe nyumbani. Inahusu sayansi, na mwanzilishi wake, Jad Abumrad, alisomea utunzi wa muziki. Sauti zimepangwa juu ya sauti, mnong'ono hapa, mlio pale. Kelele za matatu zitaimeza yote.

Kuna watu watakusifia In Our Time ya BBC. Hawakosei, ni kipindi kizuri sana, wasomi watatu wanakaa na mtangazaji wakichambua jambo moja, iwe falsafa au vita vya kale. Lakini si cha sokoni. Ukigeuka kumpa mteja chenji, umeshapotea. Kisikilize usiku, watoto wakilala.

Na mama? Yeye asiachwe nje kwa sababu hivi vyote ni vya Kiingereza. Mtafutie Siha Njema ya RFI Kiswahili, inayohusu afya, na wewe mwenyewe ongeza Gurudumu la Uchumi palepale. DW nao wana michezo ya redio ya Noa Bongo, ambayo nadhani Salma na bibi yake wanaweza kuisikiliza pamoja jikoni. Dira ya Dunia anaijua tangu zamani, ila hana haja tena ya kukimbilia redio jioni. Mwekee kwenye simu asikilize anapotaka.

Vyote hivi ni bure, shoga yangu, na hilo linanigusa. Huku, vituo vya redio ya umma vinaishi kwa kiasi kikubwa kwa michango ya wasikilizaji. Mwaka 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokwisha kutengwa kwa redio na televisheni za umma, na vituo vidogo vya vijijini ndivyo vilivyotegemea zaidi fedha hizo. Mimi natoa kidogo kila mwezi kwa WBEZ. Nahisi ni deni, kwa jinsi sauti zile zilivyonisindikiza usiku kazini nilipokuwa sijamjua mtu yeyote mji huu.

Usimalize bando lako. Mwambie Salma akupakulie vipindi akiwa kwenye waifai ya chuo, vikae ndani ya simu. Na tafadhali, hedifoni sikio moja tu ukiwa barabarani, pikipiki za Kongowea nazijua.

Nisalimie Baba Salma na mama, na ukimaliza zile za fulana nitumie ujumbe wa sauti, hata mrefu.

Ni mimi shoga yako,
Rehema