Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: darasa la kwanza lipangiwe mwalimu kabla ya la saba

Mheshimiwa Waziri wa Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI),

YAH: KUFUNDISHA KUHESABU DARASA LA AWALI NA LA KWANZA

Nakuandikia wewe, na si mwenzako wa Wizara ya Elimu, kwa sababu mtaala tunao. Mwaka 2015 KKK ilirudisha kusoma, kuandika na kuhesabu mahali pake katika darasa la kwanza na la pili, na mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 unamtaka mtoto aguse, atende na acheze. Maandishi yako vizuri. Ila nani anasimama mbele ya watoto hao, wako wangapi, na ana nini mkononi, hayo huamuliwa na halmashauri na mwalimu mkuu, na wote hao wako chini ya ofisi yako.

Mheshimiwa, ukitembelea darasa la awali utapokelewa kwa hesabu. Watoto watahesabu kwa sauti moja hadi ishirini, pengine hadi hamsini, na wageni watapiga makofi. Nakuomba siku hiyo umwite mtoto mmoja pembeni, umwekee visoda saba, umuulize viko vingapi. Wapo ambao mdomo utakwenda mbio kuliko kidole: kisoda kimoja kitahesabiwa mara mbili, kingine kitarukwa. Wapo watakaofika saba bila kukosea, lakini ukiwauliza tena, "Kwa hiyo viko vingapi?", wataanza upya: moja, mbili, tatu. Hawajatambua bado kwamba namba ya mwisho waliyoitaja ndiyo idadi ya vyote. Vitawanye visoda hivyohivyo mezani, na mwingine atakwambia vimeongezeka.

Watoto hao si wazito. Hizo ni hatua ambazo watoto hupitia kila mahali, na mwalimu anayezifahamu humvusha mtoto akipata nafasi ya kukaa naye. Kuimba namba kwa pamoja hakumvushi. Katika sauti ya watoto tisini huwezi kujua nani anahesabu na nani anafuatisha tu midomo ya wenzake.

Wakifika darasa la kwanza, tunawakimbiza ubaoni. Andika 5 + 3 = __ na wengi watajaza 8. Geuza uandike 5 + __ = 8, uone ni wangapi watajaza 13. Mtoto ameona alama ya kujumlisha, akajumlisha kila namba iliyo mbele yake, kwa sababu tangu aanze ameambiwa kwamba alama ya sawasawa ni mahali pa kuweka jibu. Hajapata kuambiwa kwamba upande huu na upande ule ni sawa. Upimaji wa KKK uliofanywa kitaifa mwaka 2013 kwa watoto wa darasa la pili ulionyesha jambo linalokaribiana na hilo: walijitahidi kujumlisha namba ndogo, wakakwama kwenye namba iliyokosekana katika mfululizo wa namba. Mtoto aliyeachwa achezee mbegu nane, akazigawa tano na tatu, sita na mbili, saba na moja, kisha akazirudisha pamoja na kuona bado ni nane, hapati shida hiyo. Lakini mchezo huo unahitaji mbegu, unahitaji muda, na unahitaji mwalimu asiyeogopa kwamba akipita mtu dirishani ataonekana hafundishi.

Pagumu zaidi ni kwenye makumi, na hapa naomba nikae kidogo. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu: Kiswahili kinamweleza mtoto wazi kwamba hapa kuna kumi na kitu juu yake. Ghafla inakuja ishirini, ambayo ndani yake hasikii mbili. Thelathini hasikii tatu, arobaini hasikii nne, hamsini hasikii tano. Sitini, sabini na tisini zinamsaidia kwa sababu zinafanana na sita, saba na tisa, lakini themanini inamwacha tena. Huku kwetu Usukumani watoto wengi wanakuja shule wakiwa na lugha ya nyumbani ambamo ishirini ni makumi abili, makumi mawili, na maana iko waziwazi. Tunawapa majina mapya wayakariri, na maana tunaiacha mlangoni. Ndiyo maana mtoto anaandika arobaini na tatu kama 403: ameandika alichosikia, arobaini kwanza, halafu tatu.

Dawa yake si ghali. Ni vijiti vilivyofungwa kumi kumi. Mtoto ashike mafungu manne na vijiti vitatu, ayaone makumi manne kwa macho yake, afungue fungu moja anapotaka kutoa saba katika arobaini na tatu, ahesabu vilivyobaki. Akifanya hivyo mara nyingi, "kukopa" tunakomwandikia ubaoni kunakuwa jambo alilokwisha kulifanya kwa mikono. Mwalimu anayekwenda moja kwa moja kwenye tarakimu anamwachia mwenzake wa darasa la tatu na la nne mzigo usiobebeka, na mzigo huo unasafiri hadi kidato cha nne, ambako kwa miaka ya karibuni watahiniwa wanaofaulu Hisabati hawajafika hata theluthi moja.

Na watoto hawa hawaji mikono mitupu. Wanacheza mdako: wanarusha jiwe juu, wanachomoa mawe shimoni moja moja, kisha mawili mawili, kisha matatu matatu, na anayekosea hesabu wenzake wanamkamata hapohapo. Wanatumwa dukani na noti ya elfu moja, wanarudi na chenji kamili. Mtoto anayewasaidia wazazi wake kuuza karanga gulioni anajua mafungu manne ya mia mbili ni shilingi ngapi. Akiingia darasani hatumuulizi chochote katika hayo.

Sasa nije kwenye ombi langu. Mwalimu mkuu hupimwa kwa upimaji wa darasa la nne na mtihani wa darasa la saba. Kwa hiyo anapopanga walimu huanza na la saba, na walimu wake hodari huishia huko. Darasa la awali na la kwanza hupewa anayebaki, au mzazi anayejitolea, anayelipwa kwa michango ikipatikana. Sisemi kwamba wanaobaki hawafai. Walionifundisha kazi hii ni walimu waliokuwa wanakaribia kustaafu, na nawashukuru mpaka leo. Ninachosema ni kwamba kumfundisha mtoto wa miaka sita maana ya nane ni kazi ya ujuzi, na anayeijua huondolewa mara tu anapoonekana anaijua.

Naomba waraka wako kwa wakurugenzi wote useme hivi: darasa la awali na la kwanza yapangiwe walimu kwanza, na mwalimu anayefanya vizuri huko asihamishiwe madarasa ya juu mpaka kikundi chake cha watoto kimemaliza darasa la pili. Uwatake Maafisa Elimu Kata wanapotembelea shule waketi na watoto watatu na visoda vyao kabla ya kufungua andalio la somo. Vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, vitengewe zamu ya kudumu ya kuhesabu kwa madarasa ya chini, mwalimu alete kazi halisi za watoto wake na wenzake waijadili.

Msongamano nao hauwezi kusubiri. Elimu bila ada ya mwaka 2016 ilileta watoto shuleni, nami nafurahi kila Januari nikiwaona. Madarasa 3,000 ya shule shikizi, zile ndogo zinazowekwa karibu na makazi chini ya shule mama, yaliyojengwa kwa fedha za UVIKO-19 yamewapunguzia wadogo mwendo. Lakini watoto 25 kwa mwalimu mmoja wa awali, kama miongozo inavyotaka, huku vijijini hatujapata kuwaona. Mpaka walimu watakapoajiriwa, turuhusu kwa maandishi kugawa darasa kwa zamu kwa kipindi cha kuhesabu: nusu wakiwa na vijiti ndani, nusu wakiwa nje kwenye mdako na mwalimu mwingine au mzazi.

Vihesabio sikuombi. Wazazi wataleta visoda, vijiti na mbegu wakiombwa. Ninachoomba ni sanduku lenye kufuli kwa kila darasa, kwa sababu vyumba vingi havifungwi, na tunachokusanya Ijumaa hatukikuti Jumatatu.

Walimu wakuu hupanga vipindi vya mwaka mpya wakati wa likizo ya Desemba. Waraka ukitoka Novemba utawahi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa darasa la kwanza,
Mkoa wa Simiyu.