Barua kwa mwanangu: mwalimu wa hesabu aliyepitia Mississippi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku Moshi hatujambo. Goti la bibi yako linamsumbua tangu mvua zianze, ila ulimi mzima, kila siku anauliza likizo lini.

Unasema mwalimu wa historia amekupa zamu ya kuzungumza juu ya Watu Weusi wa Marekani, nawe umemchagua Martin Luther King kwa sababu Rosa Parks ameshachukuliwa. Sina ugomvi na King. Ila kila mwaka ni hao hao wawili, na hotuba ni ile ile ya Washington ya 1963, mpaka watoto wanadhani watu wale walipata haki zao kwa kuhutubia. Mimi ningekuwa wewe ningemzungumzia Bob Moses, aliyefundisha hesabu Same. Ndiyo, Same hiyo hiyo unayoipita ukiwa kwenye basi la Tanga.

Alizaliwa Harlem, New York, 1935. Alikuwa anasomesha hesabu kwenye shule ya watoto wenye nafasi. Mwaka 1960 akaona picha za vijana weusi wa kusini mwa Marekani wamekaa kwenye kaunta za chakula za Wazungu, wamekataa kuondoka, naye akashindwa kutulia. Akafunga safari. Ella Baker, mama mpigania haki za weusi ambaye kwa haki yake angetangulia kwenye orodha yako, ndiye aliyempa majina ya watu wa kuwatafuta katika jimbo la Mississippi.

Sasa nisikilize vizuri hapa, maana ndipo vitabu vyenu vinaporuka. Kwa maandishi, mwanamume mweusi wa Marekani alikuwa na haki ya kupiga kura tangu 1870. Pale Mississippi kilichomzuia ni fomu ya kujiandikisha kupiga kura. Ilikuwa na maswali 21. Unajaza jina, kazi, nani amekuajiri. Halafu karani anakuchagulia kifungu kimoja cha katiba ya jimbo, na vilikuwepo zaidi ya 280. Unakinakili, kisha unaeleza maana yake kwa maneno yako. Mzungu anaweza kupewa kifungu cha mstari mmoja. Mweusi anapewa kile ambacho hata wakili angekuna kichwa. Anayesahihisha ni karani huyo huyo, wala halazimiki kukwambia umekosea wapi. Tangu 1962 jina lako lilichapwa pia gazetini kwa wiki mbili, ili bosi wako alione, na wenye bunduki nao walione.

Agosti 31 mwaka huo watu 18 walipanda basi kwenda kujaribu fomu hiyo mjini Indianola. Mmoja wao ni Fannie Lou Hamer, miaka 44, mtoto wa mwisho katika watoto 20, maisha yake yote kwenye pamba ya watu. Akapewa kifungu cha sheria ambacho hajawahi kukisikia. Akashindwa, kama ilivyopangwa. Wakati wa kurudi polisi wakalisimamisha basi na kumtoza dereva faini, eti rangi yake ya njano imezidi, linafanana na basi la shule. (Naona unacheka. Hata trafiki wetu hawajafika huko.) Jioni ile ile mwenye shamba akamwambia akafute jina lake au aondoke. Akaondoka. Miaka miwili baadaye alikuwa Atlantic City, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic, mbele ya kamera za televisheni, anasimulia alivyopigwa rumande katika mji wa Winona, Mississippi. Rais Johnson aliitisha haraka mkutano na waandishi ili kamera zimwache. Haikusaidia, jioni vituo vilirusha maneno yake hata hivyo.

Moses ndiye aliyekuwa akiiongoza kazi hii ya kuwapeleka watu kwa karani, mji baada ya mji. Agosti 1961 alipasuliwa kichwa barabarani, akaendelea na safari ya mahakamani, shati lina damu. Mwezi uliofuata Herbert Lee, mkulima aliyekuwa akimwendesha kwa gari lake, baba wa watoto tisa, alipigwa risasi mchana kweupe na mbunge wa jimbo, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Mbunge hakushtakiwa. Moses aliongea polepole, na hakupenda kushangiliwa. Watu walipoanza kumfuata kama nabii, aliacha jina la Moses, yaani Musa, kwa muda, akatumia Parris.

Mwaka 1966 akaitwa jeshini, vita ya Vietnam, ingawa umri wake ulishavuka. Akakimbilia Kanada, kisha akaja kwetu na mkewe. Wizara ya Elimu ikampeleka Same, akawa mkuu wa idara ya hesabu mpaka 1976. Watatu kati ya watoto wake wanne wamezaliwa Tanzania.

Kisha akarudi Marekani. Mwaka 1982 akakuta shule ya binti yake Maisha haifundishi aljebra darasa la nane. Akaingia darasani kufundisha mwenyewe, na ndipo ulipozaliwa Mradi wa Aljebra. Aligundua kwamba watoto wanaoshindwa namba hasi wanajua kuuliza swali moja tu, "ngapi?", hawaulizi "upande gani?". Basi akawapandisha treni ya mjini. Wakachora vituo, wakachagua kimoja kiwe sifuri, vya upande mmoja vikawa chanya, vya upande wa pili hasi. Kwake yeye, mtoto asiye na aljebra katika zama za kompyuta anaachwa nje kama mkulima wa Mississippi mbele ya ile fomu. Alifanya kazi hiyo karibu mpaka alipofariki Julai 2021.

Ripoti yako nimeiona, hesabu 34. Umeniandikia kwamba ni somo la wavulana na kwamba utachukua mchepuo wa sanaa. Mchepuo chukua unaoutaka. Ila kwanza jaribu treni ya Moses kwa vituo vya basi lako: Same iwe sifuri, Mombo na Korogwe chanya, Mwanga na Moshi hasi. Umetoka Mwanga ukashuka Korogwe, umepita vituo vingapi na kuelekea upande gani? Nitumie jibu pamoja na hotuba yako nisome kabla hujasimama.

Hela ya daftari nimeituma kwa simu ya matroni, mkumbushe. Bibi anasema usiache kula ugali.

Baba yako