Kabla ya kukata utepe wa njia mpya, tuambieni nani ataitunza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wenzangu wa mashirika ya uhifadhi ya kijamii, hasa wale wanaokaa kwenye bodi. Karibu kila shirika la aina hii lina picha ya siku ardhi iliponunuliwa au njia ya miguu ilipofunguliwa: utepe, mkasi, mgeni rasmi. Picha ya mtu akizibua mtaro uliojaa majani makavu sijaiona ikitundikwa popote. Nisingejali habari ya picha kama bajeti nayo isingefuata mtindo huohuo.

Kazi yangu ni kuongoza utunzaji wa ardhi na njia. Wengi hudhani ni kufyeka tu. Kufyeka kupo, tena kwingi, lakini adui mkubwa wa njia ni maji. Njia iliyochorwa kushuka kilima moja kwa moja hugeuka mfereji mvua zikianza. Maji hushika kasi, hubeba udongo, huacha mizizi na mawe wazi, na watembeaji wakiona pamekuwa pabaya hupita pembeni. Misimu michache ikipita, unakuta njia tatu mbovu mahali palipokuwa na moja. Ndiyo maana mafundi wa njia hushika kanuni ya nusu: mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima inakopita. Kilima kikiwa na mteremko wa asilimia 20, njia isizidi 10. Uso wa njia nao uinamishwe kidogo kuelekea bondeni, kama sentimita 5 kwa kila mita ya upana, ili maji yaikatize yaende zake badala ya kutembea nayo. Mengi ya haya huamuliwa siku ya kuchora. Njia iliyochorwa vibaya utaijaza kifusi kila mwaka, na kila mwaka kifusi kitaishia bondeni.

Sasa, nani huchora? Mara nyingi ni mkurugenzi na mfadhili, wameinamia ramani wakitafuta mandhari. Msimamizi wa njia huitwa mambo yameshaiva, akabidhiwe ufunguo wa stoo ya majembe.

Tatizo hili lina umri mrefu. National Trust ya Uingereza, shirika la kuhifadhi ardhi na majengo ya kale, ilianzishwa mwaka 1895, na mwaka uliofuata ikanunua jengo lake la kwanza, nyumba ya kale ya makasisi huko Alfriston, kwa pauni 10. Kuikarabati kuligharimu mara nyingi zaidi ya bei hiyo. Ardhi haina tofauti. Ukishaipata ndipo mipaka inahitaji kutembelewa, vigingi kukaguliwa, mimea vamizi kung'olewa kabla haijatoa mbegu. Kule Marekani, viwango vya Land Trust Alliance, muungano wa mashirika ya kuhifadhi ardhi, vinataka ardhi iliyowekewa mkataba wa uhifadhi, yaani mwenyewe amekubali kisheria kuwekea mipaka matumizi yake, ikaguliwe walau mara moja kila mwaka. Anayeona ukaguzi huo ni matembezi ya kunyoosha miguu hajawahi kumweleza mrithi wa shamba, ambaye hakusaini chochote, kwamba mkataba wa marehemu baba yake unamhusu na yeye pia. Mazungumzo hayo yanataka mtu anayefahamika kwa jirani, aliyekunywa naye chai kabla ya ugomvi. Mtu huyo hapatikani kwa ajira ya miezi sita.

Najua bodi itajibu nini: tukichelewa kununua, mjenzi atatutangulia, na matunzo yanaweza kungoja. Kwa ardhi nakubali, kwa kiasi fulani. Kanunueni, muweke vigingi. Lakini njia haingoji. Siku mnayoikaribisha jamii kutembea, ndiyo siku uharibifu unapoanza, na mfuko wa matunzo unatakiwa uwe tayari umeshafunguliwa. Vuguvugu la Green Belt, lililoanzishwa na Wangari Maathai mwaka 1977, liliwalipa akina mama kitu kidogo kwa kila mche ulioshika na kuendelea kuishi. Malipo yalifuata uhai wa mche. Wafadhili wetu wangapi wanalipia njia kwa namna hiyo, yaani miaka mitano baada ya uzinduzi, kama bado inapitika?

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni mamlaka ya kufunga. Nchini New Zealand miti iitwayo kauri inauawa na ugonjwa unaosafiri kwenye udongo ulioganda viatuni. Desemba 2017 watu wa Te Kawerau ā Maki, wenyeji wa milima ya Waitākere, waliweka rāhui, katazo la kimila la kuingia msituni. Baraza la jiji la Auckland lilifunga msitu huo rasmi mwaka 2018, na baadhi ya njia zikafunguliwa tena baada ya kutengenezwa ili miguu isiguse tope. Wenyeji walitangulia, ofisi ikafuata. Msimamizi anayeijua njia yake anapaswa kuweza kusema leo haipitiki, bila kuomba ruhusa kwenye kikao cha robo mwaka, hata kama Jumamosi kuna matembezi ya kuchangisha fedha. (Na ndiyo, kwa kawaida huwa yapo.)

Kwa hiyo naomba bodi zimweke msimamizi mezani kabla ramani haijachorwa, na zitenge fedha zake ndani ya bei ya mradi, si kwenye mabaki. Zipunguze pia matangazo ya kazi yanayotaka mtu mmoja achore ramani kwa kompyuta, aendeshe msumeno wa mashine, aandike maombi ya ruzuku na apatikane kila mwisho wa juma, kwa mshahara wa msaidizi.

Nawe msomaji unayechangia: ukiombwa fedha za njia mpya, uliza mfuko wa matunzo wa ile ya zamani una kiasi gani. Wakikujibu kwamba watu wa kujitolea wataitunza, uliza tena nani atawafundisha kushika mtaimbo, na nani atalipa hospitali jiwe likimwangukia mmoja wao mguuni.

Wako,
Msimamizi wa njia