Malalamiko: Mawe Yangu Si Seramiki, na Gharama za Kosa Hilo Si Zangu

Kwa Meneja,
Idara ya Forodha na Utoaji Mizigo,
Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: KONTENA LANGU LA MAWE YA SAKAFU KUTOKA INDIA

Baada ya salamu, naandika kuikataa ankara ya mwisho niliyoletewa na ofisi yenu ya uwakala wa forodha, niliyoikabidhi kazi ya kunitolea mzigo bandarini, na kuwataka mrekebishe kazi mliyoiharibu. Ankara hiyo inanidai malipo ya kuhifadhi kontena, dimareji ya kampuni ya meli (tozo ya kuchelewesha kontena), ada ya ukaguzi na ada ya kurekebisha entri, yaani tamko la mzigo kwa forodha. Yote hayo yamezaliwa na jambo moja: karani wenu alitamka kwa forodha kwamba nimeingiza vigae vya seramiki. Mimi sikuingiza kigae hata kimoja cha seramiki.

Nyaraka zote mlikuwa nazo kabla meli haijatia nanga Kilindini: ankara ya muuzaji, orodha ya vifurushi, hati ya shehena, fomu ya tamko la uagizaji (IDF) na cheti cha ubora kilichotolewa India kabla mzigo haujapakiwa. Kila moja inasema mzigo ni mawe asilia. Kuna marumaru iliyong'arishwa ya Rajasthan, vipande vya ngazi vya graniti, mozeki ya marumaru iliyobandikwa kwenye wavu, na slati ya kupambia kuta za nje. Niliwatumia hata picha na vipimo. Karani akatia kila kitu chini ya 6907, namba ya ushuru ya vigae vya seramiki: marumaru, graniti, mozeki na slati, kana kwamba vyote vimetoka kiwanda kimoja.

Nimeisoma sura ya 69 ya Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, kitabu kinachopanga bidhaa kwa namba za ushuru. Dokezo lake la kwanza linasema sura hiyo ni ya bidhaa za seramiki zilizochomwa baada ya kufinyangwa. Marumaru yangu haikufinyangwa wala haijaona tanuri. Ilikatwa kwenye mwamba kwa msumeno, ikasuguliwa, ikang'arishwa, basi. Kanuni ya kwanza ya kuainisha bidhaa nayo iko wazi: kinachoamua ni maneno ya kifungu na madokezo ya sehemu na sura. Mwenye leseni ya uwakala wa forodha anapaswa kulijua hilo kabla hajagusa mfumo.

Mahali pa mawe haya ni sura ya 68. Marumaru iliyong'arishwa huingia 6802.91. Ingekuwa imekatwa kwa msumeno tu na kuachwa na uso ulionyooka, ingekwenda 6802.21, na ndiyo maana niliwaandikia mapema kwamba imeng'arishwa na kingo zake zimechongwa. Ngazi za graniti, ambazo nazo zimeng'arishwa, ni 6802.93. Mozeki ina kijifungu chake, 6802.10, kwa sababu vipande vyake vinaenea ndani ya mraba wenye upande usiofika sentimita 7, na wavu uliobandikwa nyuma haubadilishi kitu. Slati iliyofanyiwa kazi imetengewa 6803, haikai pamoja na mawe mengine ya ujenzi. Ni mistari minne ya entri. Mlinitoza ada ya entri kamili, mkaandika mstari mmoja.

Nilipompigia karani simu, aliniambia kwamba bandarini kigae ni kigae. Kisha akaja na pendekezo lililonishtua kuliko kosa lenyewe: tuhamishe mzigo wote kwenye 2515, yaani marumaru ghafi, ili nisilalamike tena. Nilikataa na nakataa tena hapa kwa maandishi. Kifungu cha 2515 ni cha marumaru iliyotoka machimboni, iliyochongwa kidogo tu au kukatwa kuwa matofali na mabamba ya pembe nne. Jiwe likishang'arishwa na kuchongwa kingo limetoka sura ya 25. Isitoshe, ndani ya kontena kuna graniti na slati, ambazo si marumaru kwa hali yoyote. Sidai ushuru mdogo, Bwana Meneja. Nadai ushuru ulio sawa. Tamko la uongo ni kosa chini ya sheria ya forodha, na jina linalosomeka kama mwagizaji ni langu, si la karani wenu.

Yaliyofuata mnayajua. Cheti cha ubora kinasema mawe, entri inasema seramiki, mfumo ukakwama na kontena likaamriwa kufunguliwa. Nilikuwepo pale yadi ya Changamwe. Afisa wa forodha aliyekagua alifanya kazi yake kwa heshima na kwa makini, na sina neno naye. Alichukua kipande cha marumaru akakigeuza. Kigae cha seramiki mgongoni huwa na mistari ya kalibu kilimoshindiliwa. Kipande hiki mshipa wake wa kijivu ulipita kutoka usoni mpaka nyuma, kama jiwe lolote la mwamba. Akatazama mozeki, akatazama slati iliyokuwa ikibanduka kwa tabaka ukingoni, akauliza nani aliyeandika seramiki. Mwakilishi wenu alikuwa amesimama hapo na hakujibu. Kazi iliyomchukua afisa muda mfupi tu, tena juani, ofisi yenu ilishindwa kuifanya ndani ya kiyoyozi ikiwa na picha na nyaraka mezani.

Tangu hapo kontena likakaa, na siku za kuliweka bila malipo zikapita. Marumaru hiyo ilikuwa ya sakafu ya msikiti Kisauni, na mozeki ni ya mahali pa kutawadhia. Mafundi waliokuwa wamekwisha kusawazisha sakafu wakaondoka kwenda kazi nyingine, na waumini wakaendelea kuswali kwenye mikeka juu ya saruji tupu. Hilo limeniuma kuliko pesa. Kamati ya msikiti iliniamini, nami niliwaamini nyinyi.

Kuhusu pesa zenyewe: mlinitumia jumla tu ya kulipa, bila nakala ya entri, nami nikalipa siku hiyo hiyo ili mzigo usichelewe. Nilipoipata nakala ndipo nikaona nimetozwa pia ushuru wa bidhaa, ule ulioletwa na marekebisho ya sheria za kodi ya mwaka 2024 kwa vigae vya seramiki vinavyotoka nje. Mawe asilia hayamo. Juu yake ikaja VAT ya asilimia 16, ambayo hupigwa baada ya kujumlisha ushuru, kwa hiyo namba moja ya uongo imenitoza mara mbili.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 147, inamhesabu wakala anayetenda kwa niaba ya mwenye mali kuwa kama mwenye mali mwenyewe, na inamtwika wajibu binafsi wa ushuru na wa kila tendo linalotakiwa. Hainiondolei mimi wajibu wangu, najua, na ndiyo sababu nimeyafuatilia haya hadi mwisho. Lakini haiwapi nyinyi ruhusa ya kukosea kisha kunitumia bili. Kama mlikuwa na shaka juu ya namba, KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, hutoa uamuzi wa mapema wa uainishaji kwa anayeuomba, na muda wa kuuomba ulikuwepo wakati mzigo ungali India. Hakuna aliyeniuliza hata swali moja.

Kwa hiyo nataka ankara ile ifutwe: uhifadhi, dimareji, ukaguzi na ada ya marekebisho ni juu yenu. Nataka entri iliyorekebishwa, yenye mistari yake minne, niione kabla haijawasilishwa. Dai la kurudishiwa nilichotozwa zaidi liandaliwe na ofisi yenu bila malipo. Kifungu cha 144 cha sheria hiyo hiyo kinatoa miezi 12 tangu siku ya kulipa, na sitakubali muda huo uishie kwenye kabati lenu. Nyaraka zangu halisi zirudishwe dukani, zote, pamoja na cheti cha ubora. Na lile pendekezo la 2515 nataka lielezwe: je, ni la karani peke yake, au ndivyo mnavyowafanyia wateja wengine?

Majibu yaje kwa maandishi, yakiwa na sahihi yako. Nisipoyapata ndani ya wiki mbili, nitapeleka barua hii na nakala za nyaraka zote kwa mamlaka inayowapa leseni.

Wako,
Mteja na mwagizaji,
Duka la mawe na vigae, Mwembe Tayari, Mombasa.